Kile kidude cha chokoleti chenye povu jeupe ndani: kila nchi ina chake, njooni tukichambue

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Jukwaa letu la mapishi siku hizi ni pilau na mandazi tu, leo nimeleta kitu cha pembeni kidogo. Kuna kitafunwa fulani kwa nje ni kuba dogo la chokoleti, ukikiuma kinalia "kach", ndani unakutana na povu jeupe laini balaa, chini kuna biskuti. Wengi wetu tumekijua kwenye mabegi ya ndugu wanaorudi kutoka Ulaya, kinafika kimeshapondeka na tunakila hivyo hivyo bila malalamiko.

Mimi naoka keki za oda hapa Tabata na wateja wanakiulizia sana tangu vivideo vyake vianze kuzunguka, ikabidi nikae chini nikichunguze. Kumbe sio kitu kimoja bwana. Wadenmark wana chao, Wajerumani wana chao, Waskoti, Wamarekani, Wakorea, na kila mmoja anaapa chake ndio chenyewe. Lakini ukivipanga vyote mezani unaona maamuzi ni matatu tu: kitako unaweka nini, povu unalisimamisha kwa ute wa yai au kwa jelatini ya kugandishia, na juu unafunika kwa chokoleti ya kweli au ile ya mafuta ambayo wenye maduka ya vifaa vya keki wanaiita kompaundi. Mengine yote ni mbwembwe za boksi. Na msimamo wangu, ambao najua kuna watu utawauma, ni kwamba uamuzi wa pili ndio mkubwa kuliko yote. Ukiweka ute wa yai umetengeneza kitu kinachoyeyuka mdomoni, ukiweka jelatini umetengeneza mashmelo, ile pipi laini ya kuvutika, iliyovaa koti.

Naanza na Denmark kwa sababu hawa ndio nawapa namba moja. Wanaita flødebolle. Kwao ni kitu cha utotoni kabisa, mtoto akiwa na bethidei anabeba boksi anapeleka shule anagawia darasa zima, na wakubwa wanakibandika juu ya ais krimu ya koni. Za supamaketi zina kitako cha kaki, ile biskuti nyembamba kavu ya wafa, ila ukiingia kwenye maduka ya watengeneza chokoleti unakuta kitako ni marzipani, yaani lozi iliyosagwa na sukari, povu wameliongezea ladha ya tunda au vanila ya kweli, juu wamenyunyizia nazi au njugu, na bei imeshakuwa ya kitu kingine. Povu lao ni ute wa yai na shira ya moto. Hakuna jelatini hapo.

Wajerumani wanaita Schokokuss, kitako kaki, na ukuta wa chokoleti ni mwembamba mpaka ukikishika vibaya kidole kinaingia. Hawa nawapenda kwa kituko kimoja, wanachukua mkate mdogo wa duara wanaupasua katikati wanaweka hiki kidude humo wanakandamiza mpaka povu linatoka pembeni, watoto wa shule ndio chakula chao cha mapumziko. Yaani mkate na hiki kitu. Sisi tunaoshindilia mkate kwa chipsi hatuna haki ya kucheka.

Marekani kuna Mallomars, ya mwaka 1913, kampuni ni Nabisco, na boksi la kwanza liliuzwa kwa muuza duka wa West Hoboken kule New Jersey. Kitako ni biskuti ya duara ya ngano isiyokobolewa, juu chokoleti nyeusi ya kweli, ila katikati ni jelatini, kwa hiyo kwangu inashuka daraja. Kilichonivutia ni kwamba hawauzi mwaka mzima. Zinaingia madukani joto likipungua, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, zinatoka majira ya kuchipua, kwa sababu enzi hizo hakukuwa na magari ya baridi na chokoleti ilikuwa inafika imekuwa uji. Leo magari ya baridi yamejaa tele lakini utaratibu wameubakiza, na watu wa New York wananunua maboksi wanaficha kwenye friza kusubiria kiangazi. Hiyo inaitwa biashara.

Kusini mwa Marekani wana ndugu yake, MoonPie, anatoka Chattanooga, Tennessee, mwaka 1917. Hii ni biskuti mbili na mashmelo katikati halafu yote inachovywa chokoleti. Wenyewe wanasimulia kwamba muuzaji wao alimuuliza mchimba makaa wa Kentucky anataka kitafunwa cha namna gani, jamaa akainua mikono akaupima mwezi angani akasema kikubwa kama ule. Kisa cha muuza biskuti hicho, kipokeeni na chumvi yake. Ila mji wa Mobile, Alabama, kwenye kanivali yao watu walio juu ya magari wanawarushia raia MoonPie badala ya pipi, hilo lipo kabisa, na mkesha wa mwaka mpya wanashusha MoonPie kubwa ya taa za umeme kutoka juu ya jengo.

Halafu Korea. Hapa nitaandika kirefu mnivumilie. Kampuni ya Orion ilitoa Choco Pie mwaka 1974, wazo ni lile lile la MoonPie ila keki yake laini zaidi. Basi pale Kaesong, lile eneo la viwanda vya pamoja lililokuwa upande wa Korea Kaskazini likiendeshwa na makampuni ya Kusini, wenye viwanda walikuwa hawawezi kuwapa wafanyakazi bonasi ya hela mkononi, wakawa wanawapa Choco Pie. Wafanyakazi wakagundua wasipozila wanaweza kuziuza. Zikawa zinazunguka magendo mpaka Pyongyang, zina bei yake kabisa, mtu analipwa biskuti anaenda kuibadilisha na mahitaji ya nyumbani. Serikali ya Kaskazini ikaja juu, 2014 wakataka zikomeshwe, wanaharakati wa Kusini wakajibu kwa kuzifunga kwenye maputo wakazirusha juu ya mpaka. Na yule askari aliyekimbia kuvuka mpaka Novemba 2017 akipigwa risasi, alipozinduka hospitali ikasikika anapenda Choco Pie, Orion wakampelekea shehena ya maboksi.

Waliopo nje hebu ongezeeni za huko mliko. Na mafundi wa keki wenzangu, nina maswali kuhusu joto nitayaweka chini.

Chuma cha Reli ameandika:

Nimeweka kambi hapa na chai ya rangi. Picha muhimu mkuu, uzi wa chakula bila picha ni taarifa ya habari.

Msukuma wa Glasgow ameandika:

Mtoa mada umeandika aya zote hizo umemruka Tunnock's? Unatafuta ugomvi na Scotland nzima.

Nisikilize vizuri. Kiwanda kipo Uddingston, nje kidogo ya Glasgow, familia ya Tunnock ilianza kuoka hapo 1890. Hii Tea Cake ilibuniwa na Boyd Tunnock, mjukuu wa mwanzilishi, mwaka 1956, na 2019 Malkia akampa cheo cha Sir. Kitako ni biskuti nzito kiasi, ina kaukingo kanakoshikilia povu lisitembee, povu ni ute wa yai, juu chokoleti ya maziwa, halafu inafungwa karatasi ya kung'aa yenye mistari ya rangi nyekundu na fedha. Hiyo karatasi usiichane hovyo, unailaza mezani unailainisha kwa ukucha mpaka haina kunyanzi hata moja, mtoto yeyote wa huku anajua. Mwaka 2014 kwenye ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola hapa Glasgow walitoa Tea Cake kubwa zenye miguu zinacheza uwanjani, mimi nilikuwa kwa TV nikasema hawa watu wako serious na biskuti yao.

Na kuna kisa cha jeshi la anga. Enzi za vita baridi marubani wa mabomu ya nyuklia walikuwa wanapewa hizi kama mgao wa safari, wakiwa juu hewa inapungua povu linavimba chokoleti inapasuka nyufa. Sasa 1965 katika mazoezi rubani mmoja na mwanafunzi wake walikuwa wameziweka juu ya dashibodi zimeshafunguliwa, wakasahau, ikabonyezwa swichi ya dharura ya kutoa hewa ndani ya ndege, zikalipuka zote kwa pamoja. Povu kwenye kioo, povu kwenye vitufe, povu kwenye magwanda. Zikapigwa marufuku ndegeni.

Kwa hiyo nyie mnaozibeba kwa Emirates mkifika mnalalamika zimepasuka, sasa mmejua sababu.

Kadogo254 ameandika:

Hehe sasa nimeelewa. Auntie yangu alizileta Nairobi kutoka UK zikiwa na cracks zote na tulimlaumu kwamba alizikalia. Kumbe ni hewa, na Nairobi yenyewe iko juu sana hata baada ya kushuka kwa ndege. Lazima nimwombe msamaha.

Wakili wa Kujitegemea ameandika:

Ngoja nitie sheria kidogo maana hiki kidude kimefika mpaka mahakama kuu za Ulaya na sitanii.

Uingereza VAT ya keki ni sifuri, ila biskuti iliyofunikwa chokoleti inalipiwa kodi kamili kwa sababu inahesabiwa anasa. Sasa teacake ya chokoleti ni keki au ni biskuti? Kuanzia VAT ilipoanza 1973 mamlaka ya kodi ikawa inaihesabu biskuti, na Marks & Spencer wakawa wanalipa tu kwa teacake zao. 1994 mamlaka ikakubali kwamba ni keki, haikupaswa kulipiwa miaka yote hiyo. M&S wakadai warudishiwe hela, pauni milioni 3.5. Mamlaka ikagoma kuirudisha yote kwa hoja kwamba kodi waliilipa wateja kwenye bei, dukani hakupotea kitu. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya Ulaya, ikarudi, ikaisha 2009 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho Uingereza, kwa ushindi wa M&S.

Mkitafakari mtaona hoja ya mamlaka haikuwa ya kipuuzi. Mteja ndiye aliyelipa na mteja hakurudishiwa hata senti. Lakini sheria ni sheria.

Chuma cha Reli ameandika:

Yaani watu wazima na mawigi yao wamekaa miaka wanabishania kama ni keki au biskuti, TRA wakisoma uzi huu tumekwisha, kesho wataanza na vitumbua.

Binti Hamburg ameandika:

Mtoa mada umeongelea Ujerumani vizuri sana ila umeruka jambo ambalo sisi tunaoishi huku hatuwezi kuliruka.

Hiki kitu jina lake la zamani huku lilikuwa Negerkuss, busu la negro, na lingine Mohrenkopf, kichwa cha mtu mweusi. Sio zamani za babu, wazee wengi wanasema mpaka leo, unaenda bekari bibi mbele yako anaagiza kwa hilo jina bila kupepesa, anageuka anakuona, wengine wanatahayari wengine wanatabasamu kabisa. Viwanda vikubwa vilishabadilisha kitambo. Uholanzi mtengenezaji wao Buys alibadilisha 2006, zikawa Zoenen tu, yaani mabusu. Finland, Brunberg wa Porvoo walibadilisha 2001. Kila mara lilipobadilishwa kulikuwa na watu wa kulia kwamba utamaduni unauawa, na kila mara mauzo yakaendelea kama kawaida kwa sababu mtu alikuwa anakula povu na chokoleti, alikuwa hali jina.

Uswisi ndio walibaki na kichwa ngumu. Kuna mtengenezaji anaitwa Dubler, kijiji cha Waltenschwil, aligoma kubadilisha. Juni 2020, wakati wa maandamano baada ya kifo cha George Floyd, supamaketi za Migros za Zürich wakaziondoa kwenye rafu zao. Watu wakaenda kupanga foleni kiwandani kwake kumuunga mkono.

Mwanangu yuko darasa la pili hapa, kwenye sherehe za bethidei wana mchezo wa kula Schokokuss bila kutumia mikono, mwenye kumaliza kwanza ndio mshindi, uso mzima unakuwa mweupe. Anaupenda kuliko kitu chochote. Kwake ni Schokokuss na hajawahi kusikia lingine, na mimi nitahakikisha hasikii kwa mwalimu kwanza.

Bakari wa Ruwi ameandika:

Dada umenikumbusha. Huku Ghuba kuna ya Kilebanoni ya kampuni ya Gandour, tumekua nayo Maskati. Ilikuwa inaitwa Ras el Abed, yaani kichwa cha mtumwa, ingawa sisi tuliosoma chuo hatuhitaji kutafsiriwa hilo. Siku hizi boksini imeandikwa Tarboush, zile kofia nyekundu za Kituruki, na umbo lake kweli limeelekea huko. Lakini ingia baqala umwambie kijana "nipe tarboush" atakutazama, wazee wote bado wanaitaja kwa la zamani, hata sisi weusi wa Zanzibar tulikuwa tunaagiza hivyo hivyo utotoni wala hatukujiuliza. Wallahi nilipokuja kulitia akilini nilikuwa nishakuwa na watoto.

Ladha yake? Kitako ni kaki, povu jepesi, tamu mno. Ukinywa kahawa chungu ya iliki pembeni inakaa sawa. Peke yake hapana.

Swali langu kwa mtoa mada, hiyo jelatini, halali yake vipi?

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Binti Hamburg ahsante kwa kuliweka. Nililijua nikaliacha kwa sababu nilitaka lisikike kwa mtu anayeishi nalo.

Bakari swali lako ni la msingi na nusu ya wateja wangu wananiuliza hilo hilo. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi ya viwandani Ulaya na Marekani ni ya nguruwe, ipo pia ya ng'ombe na ya samaki. Kwenye boksi ikiandikwa jelatini tu bila kusema ya nini, na hakuna alama ya halali, mimi siinunui. Ndio maana nasema hizi za ute wa yai zinatuokoa, hazihitaji jelatini kabisa. Hiyo Tunnock's ya Msukuma ni ute wa yai, flødebolle vile vile, lakini usikariri, soma nyuma ya boksi kila mara maana kuna viwanda vinachanganya vyote viwili ili povu likae muda mrefu dukani.

Mwani wa Paje ameandika:

Kwa nini msitumie mwani? Sisi Zanzibar tunalima mwani tunauza nje kwa bei ya kutupa, halafu watu wananunua agar agar, ile ya mwani ya kugandishia, ya pakiti kutoka Asia kwa bei ya dhahabu. Wanawake wa Paje na Jambiani wanatengeneza sabuni na juisi za mwani, washindwe povu?

Mkemia Mstaafu ameandika:

Wazo zuri ila kuna kitu lazima kiwekwe sawa. Mwani tunaolima Zanzibar, ule wanaouita spinosum na kotonii, hautoi agar. Unatoa karajinani. Agar inatokana na mwani wa jamii nyingine. Zote zinagandisha lakini tabia ni tofauti: agar inaganda ngumu na kukatika, na inavumilia joto sana, ukishaigandisha haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka. Karajinani ya kotonii inaganda ngumu kiasi, ya spinosum inatoa kitu laini chenye kuvutika na kupenda maziwa. Spinosum ndio nyingi Zanzibar kwa kuwa inastahimili maji yakipata joto, na ndio ya bei ya chini.

Kwa hiyo ukichemsha mwani wa Paje ukachuja ukautia kwenye povu la yai utapata kitu, na huenda kikawa kizuri, lakini usifuate kipimo cha resipi ya agar, utaambulia uji.

Papa Kivu ameandika:

Bandugu, niko Montréal, mutoto wa Bukavu. Huku tuko na Whippet. Ni ya Viau, biskwiti ya Wakebek kabisa, tangu 1927. Chokola nyeusi inje, mashmelo muzuri ndani, chini biskwiti. Wa hapa kila mutu ana namna yake ya kula: wengine wanaipiga kwa paji la uso juu ipasuke, wengine wanakula chokola yote kwanza pembeni pembeni, wanabakisha povu likiwa uchi. Bibi yangu anaiweka friji mpaka inakuwa baridi sana, ukiuma inapasuka kama sahani.

Wakongomani wa hapa tunasema Ubelgiji nao wako na Melo-Cakes, babu zetu ndio walijua ile kwanza. Mimi nimekula zote. Whippet inashinda kwa sababu chokola yake si tamu bure.

Kadogo254 ameandika:

Mtoa mada sasa tupe recipe. Hizi stories za Korea ni tamu lakini Jumamosi niko na wageni.

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Haya, chukueni kalamu. Hii ni ya mtindo wa Denmark, inatoa kama ishirini hivi za kati.

Ute wa mayai matatu, uwe gramu 100. Sukari gramu 200, glukosi ya maji gramu 100, maji mililita 75. Kitako tumia biskuti yoyote ya duara isiyo tamu sana, au ukiwa na nafasi saga korosho na sukari ya unga ukande donge usukume ukate viduara. Korosho ya Mtwara hapa inaipiga lozi, na sisemi kwa uzalendo, ina mafuta mazuri haikauki.

Sukari, glukosi na maji weka jikoni bila kukoroga, chomeka kipimajoto. Ikifika nyuzi 110 anza kupiga ute kwenye mashine. Ikifika 117 zima, subiri mapovu ya shira yatulie, halafu mimina taratibu pembeni mwa bakuli mashine ikiwa inazunguka. Taratibu namaanisha uzi mwembamba. Ukimwaga yote kwa mpigo unapata mayai ya kuchemsha yenye sukari. Endelea kupiga kama dakika kumi mpaka bakuli liwe vuguvugu tu kwa nje, na ukiinua mchapo wa mashine, ncha ya povu inasimama wima haiinami. Ikiinama hata kidogo usidanganyike, rudisha mashine, maana povu linaloinama litamwagika ukilifunika kwa chokoleti.

Weka kwenye mfuko wa kupambia wenye nozo pana ya duara, minya juu ya kitako ukiwa umeushika wima bila kuzungusha mkono, ukifika kimo cha vidole vitatu acha kuminya ndipo uvute juu. Ziache mahali pakavu ngozi ya juu ikauke, ukigusa isigande kidoleni.

Chokoleti sasa, ndipo tunapolia. Chokoleti ya kweli ina siagi ya kakao, inaanza kulegea mapema na inayeyuka kama nyuzi 34. Ili ing'ae na kulia "kach" lazima uitempa: yeyusha mpaka 45 au 50, ishushe mpaka 27, ipandishe 31 au 32 ndio umwagie. Dar mwezi wa pili chumba chenyewe kina 32, sasa unaishusha mpaka wapi? Nikiwasha kiyoyozi umeme unakula faida. Ukiiweka friji ikigandia humo, ukiitoa tu inatokwa jasho kwa unyevu, jasho linakauka linaacha madoa meupe na povu ndani linaanza kulia maji.

Ndio maana mafundi wengi mjini wanatumia kompaundi, ile siagi ya kakao imetolewa yamewekwa mafuta mengine, haihitaji kutempa na inavumilia joto. Siwalaumu ila uiseme. Kuna duka moja la vifaa limenipimia kompaundi kwenye mfuko ulioandikwa kuvachua, nimekuja kugundua ulimini, inaacha utando kama mshumaa. Kuvachua ni chokoleti halisi yenye siagi ya kakao nyingi, bei yake sio mchezo, mtu asikuuzie mafuta kwa hilo jina.

Mama Kulwa ameandika:

Na ute wa yai bichi hauna shida? Nina mimba.

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Shira ya 117 inaupasha ute sana lakini siwezi kukuapia kwamba umeiva wote sawasawa, inategemea umemimina vipi. Kwa mjamzito na watoto wadogo tumia ute wa chupa uliopasteurishwa au usubiri mpaka ujifungue. Ningekuwa wewe ningesubiri.

Mzee wa Njombe ameandika:

Mnahangaika na kiyoyozi cha nini? Huku Juni mpaka Agosti tunaamka na umande mweupe kwenye majani, jikoni kwangu asubuhi haifiki nyuzi 15. Mleteni huyo mwokaji aje kuchovya huku. Na kakao yenyewe inatoka Kyela, hapo Mbeya, mnaisafirisha mbegu mpaka Ulaya halafu mnaisubiri kwenye mabegi ya mashangazi.

Chuma cha Reli ameandika:

Mzee wa Njombe apewe wizara.

Wakili wa Kujitegemea ameandika:

Kusafirisha je? Njombe mpaka Dar kwa basi la usiku, ukishuka Mikumi tayari ni joto, ukifika Morogoro una uji.

Mzee wa Njombe ameandika:

Kwa hiyo msizisafirishe. Njooni mle huku.

Msukuma wa Glasgow ameandika:

Mtoa mada, wale wa New York walishajibu swali lako. Uza miezi ya baridi tu, mingine waambie hakuna.

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Nimelifikiria hilo tangu nilipoandika kuhusu Mallomars na nadhani ndio nitakachofanya. Kuanzia mwezi wa sita mwishoni mpaka wa nane, nachovya alfajiri kabla jua halijapanda, chokoleti halisi, kitako cha korosho, boksi la sita sita, unachukua mwenyewe Tabata na unakula siku hiyo hiyo au kesho yake. Boda hapana, nimeona zinavyofika. Bei nitaiweka hapa mwezi wa tano nikishajua kuvachua inauzwaje. Mama Kulwa nakuwekea jina lako mwaka kesho. Anayetaka za Desemba kwa ajili ya Krismasi anitafute kwa keki ya matunda.

Kadogo254 ameandika:

Na wa Jumamosi?

Kijiko Kirefu (mtoa mada)

Nairobi sasa hivi kuna baridi ya kutosha, huna kisingizio. Anza na shira.